Kuku Waliotazama Juu

Jeneza la Maftaha lilipita mbele ya nyumba yetu saa tatu asubuhi, na wanaume waliolifuata hawakutosha hata kupokezana. Nilikuwa nyuma ya mlango ulioegeshwa, nikawahesabu kwa upenyo: kumi na mmoja, na wa mwisho alikuwa mtoto wa chuoni aliyetumwa na mwalimu wake. Mji huu mtu akifa, hata mgeni aliyeshuka jana, njia hujaa kanzu. Maftaha alizaliwa hapa, akazeekea hapa, na alikuwa anakwenda kuzikwa na watu wa kujaza mkeka mmoja. Mbele kabisa, mti wa jeneza begani, alikuwa Hemedi, mtoto wa shangazi yangu, ambaye amechechemea tangu ujana wake. Kila alipokanyagia mguu mbovu jeneza liliinama upande wake. Mtu wa nyuma akamwambia, "Hemedi, toka, mpishe mwingine. Utamwangusha." Hemedi akasema, "Nikimwangusha tutaanguka pamoja," akaendelea kuchechemea mpaka wakapinda kona.

Jirani aliyekuwa amekuja kuomba moto alisimama nami pale mlangoni. Ni mwanamke kijana, hakuwa amezaliwa mwaka ninaotaka kuuelezea. "Ndiyo kafa Mwonyesha Nyumba," alisema, kama mtu anayesema mvua imekatika. "Mama yangu alikuwa akipita mlangoni kwake hutema mate." Nilikuwa nimerudi Bagamoyo siku tatu tu, kutoka Pangani, na sikurudi kwa ajili ya Maftaha. Nilirudi kwa sababu nimezoea kurudi, kama nilivyozoea kuondoka. Mimi si mtu wa kukaa. Nimewapikia watu Tanga, nimeshona Mombasa, nimekaa Unguja mara mbili na Tabora mara moja, na kila nilipoanza kujua majina ya watoto wa jirani nilifunga mzigo. Watu hunicheka kwamba sina hata kuku. Wanasema mwanamke wa miaka arobaini na kitu, anayejua kusoma na kuandika, akose hata tetea mmoja wa kumtagia yai. Nacheka nao. Lakini mtu akigonga kifuu cha nazi mahali popote kuita kuku wake, mimi nikiwa na kikombe mkononi hukiweka chini, maana najua mkono wangu utakavyofanya.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi, nikiishi kwa shangazi yangu Bi Mize, mama yake Hemedi. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti kama za wengine, lakini maisha yetu yalikuwa uani, na uani maisha yalikuwa jikoni. Jiko lilikuwa kibanda cha peke yake chenye mlango mmoja na dari fupi ya boriti za mikoko, zilizopangwa mbalimbali ili moshi upite. Juu ya boriti zile shangazi alikausha nazi, akahifadhi kuni za masika, tenga bovu na mkeka wa zamani. Kila kitu kilichokaa juu kilikuwa cheusi na kilinuka moshi. Alfajiri shangazi alikaanga vitumbua, na kulipopambazuka wateja walikuja kuketi kwenye magogo mawili kando ya ua, wakala, wakasema ya mji. Nilijifunza dunia kwa kusikiliza migongo yao.

Maftaha alikuwa mmoja wa wateja hao. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ndogo, aliyekuwa akiongoza misafara ya bara, akajua Kiarabu na lugha nyingine, na alipokuwa mjini hakuzungumza jambo ila kuku wa kuchi, wale warefu wa shingo wanaopiganishwa. Aliweza kumshika kuku wa mtu, akamgeuza shingo na kumtazama kope, akakuambia atakufa lini. Watu walimletea kuku kama wanavyoleta watoto kwa mganga. Siku shangazi aliponipa koo wake mmoja anayetaka kuatamia, akasema uzao wa kwanza utakuwa wangu kuulea, Maftaha aliacha kitumbua chake nusu akaniuliza mayai mangapi. Nikamwambia kumi. "Kumi hayaatamiwi," akasema. "Mayai hayapendi kwenda mawili mawili. Ngoja." Kesho yake alikuja na yai moja la kuchi ndani ya kilemba chake. "La kumi na moja hili. Likitoka, mlee. Lakini jina langu usimpe, nisije nikasikia mtu amenichinja."

Koo alikuwa siku ya tisa juu ya mayai mizinga ilipolia. Kabla ya hapo nilikuwa nimesikia tu kwenye magogo kwamba Wadachi, hawa Wajerumani, wamepandisha bendera yao forodhani na kwamba watu wa mji hawaitaki. Walisema kwa sauti za chini, wakinyamaza mtu akipita. Kisha asubuhi moja meli yao ilipiga, na mlio haukuja kwa masikio. Ulikuja kwa miguu, kutoka ardhini, na vumbi la makuti likaanguka ndani ya karai la mafuta. Shangazi alilala kifudifudi kando ya jiko. Mimi nilikimbilia kwa koo. Kwetu inajulikana kwamba radi huua mayai yanayoatamiwa, yakaviza, na dawa yake ni kipande cha mkaa na msumari chini ya majani ya kiota. Hakuna aliyejua dawa ya mzinga. Niliweka vipande vitatu vya mkaa na misumari yote niliyoiona, hata bawaba ya mlango iliyokuwa imeng'oka, nikamkumbatia koo pamoja na kiota chake. Alinidonoa mkono mpaka damu ikatoka, lakini hakuinuka. Nilisikia moyo wake ukienda mbio chini ya manyoya kuliko wangu, na kila mzinga ulipolia tulishtuka pamoja.

Jioni ile wateja wawili walikuja kuketi kwenye magogo, bila kitumbua, wakitaka tu kuketi na watu. Mmoja akasema, "Mayai yote ya mji huu yameviza leo." Mwenzake akauliza, "Na watoto walio matumboni?" "Na hao." Wakacheka, kisha wakatazamana kama walioambiana siri. Nilikwenda kulala na maneno yale. Siku kumi na mbili zilizofuata nilitega sikio kwenye mayai, na sikulala vizuri, maana nilijiwekea ahadi ya kitoto: yakitoka, sote tutapona, yakiviza, tutakufa. Watu walikuwa wanahama. Wengine walikwenda mashambani, wengine kwa mapadri, wengine njia ya Kerege na vyungu kichwani. Hemedi alichukua gobori la marehemu baba yake akawafuata vijana waliokwenda kwenye boma la miti nje ya mji, na shangazi akakataa kuhama. "Akirudi asikute mtu, ataniitia wapi?" alisema. Mayai yalitoka manane. Mawili yaliviza, moja koo alilikanyaga. La Maftaha lilitoka la mwisho, kifaranga wa rangi ya udongo mwenye miguu mirefu, ambaye siku ya pili tu alisimama wima kuliko wenzake wote. Nikamwita Mnara.

Maftaha ndiye aliyenifundisha kuwazoeza. Alichuchumaa uani akaniambia kuku hafugwi kwa mtama, hufugwa kwa sikio. "Sauti ya kwanza atakayoijua kabla ya kujua kuogopa, hiyo ndiyo mama yake. Chukua kifuu, kigonge kwa ncha ya kijiko, mara tatu, halafu tulia. Uwe na chicha ya nazi kiganjani. Usimfukuze, usimkamate. Akija mwenyewe mara moja, atakuja mpaka kufa." Nilifanya hivyo kutwa. Niliwalaza katika pindo la kaniki yangu, nikawatafutia mchwa, nikagonga kifuu mpaka shangazi akasema nitamtoboa kichwa. Mwewe alimchukua mmoja. Saba waliobaki walikuja nikigonga hata wakiwa ng'ambo ya ua, wakipigana vikumbo, wakapanda magotini na mabegani. Hawakuogopa mtu yeyote. Maftaha alipowaona alicheka. "Umewaharibu hawa, Mama Kuku. Hata mwizi watamwamkia." Ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka. Muda si mrefu mji ulichukuliwa, na tukasikia kwamba Maftaha anatembea na askari wa Wadachi, akiwasemea na kuwaonyesha nyumba. Kwa nini alikubali sijui. Wengine walisema alipewa fedha, wengine walisema aliwekewa bunduki kichwani. Waliposema hivyo sikuona aliyetaka kujua. Walitaka tu kumtaja.

Hemedi alirudi na jeraha la risasi kwenye muundi. Aliletwa na mtu ambaye hakutaka maji wala kuketi. Alimtua jikoni akaondoka. Wakati ule mtu akikutwa na jeraha la risasi haulizwi mengi, na kamba ya kunyongea ilikuwa haikosi mtu. Shangazi hakulia. Alipanga upya nazi na kuni juu ya dari, akatandika ule mkeka wa zamani nyuma yake, tukampandisha Hemedi, shangazi akimvuta mikono, mimi nikimsukuma mguu mzima. Akakaa juu pale kwa siku nyingi, ameinamishwa na paa, haoni ila sakafu ya jiko kupitia nafasi za boriti. Shangazi aliwasha moto mdogo wa makumbi ili asikohoe. Alipokohoa sisi chini tulikohoa pia, kwa sauti, mpaka jirani mmoja akatuletea tangawizi. Chakula tulimpa kwa upawa. Tuliishi hivyo, shingo zikiwa zimekunjwa tusitazame juu, maana shangazi alinikataza: "Jicho lina kidole, Hawa. Likitazama linaonyesha."

Mimi nilitii. Kuku ndio hatukuwakataza. Siku moja ya Jumatatu, nikiwa napepeta, niliwaona wote saba wamesimama katikati ya jiko, wameinua shingo, wametulia kabisa, kila mmoja jicho moja juu, kama watu msikitini wanaongoja imamu. Mnara alikuwa mbele. Mara punje ya wali ikaanguka kutoka kwenye boriti, wakairukia, kisha wakarudi mahali pao wakatazama juu tena. Hemedi alikuwa na upweke. Alikuwa akiwadondoshea chakula chake punje moja moja, na nilisikia akiwacheka taratibu kule gizani. Nilikwenda kwa shangazi nikamwambia, "Shangazi, kuku wanamtazama kaka." Alicheka kwanza. Halafu alikuja mlangoni akaona, na uso wake ukabadilika.

"Kaka yako ana akili za kuku," alisema. Aliingia jikoni akanong'ona akitazama moto, "Hemedi, umewatia nini hawa?"

Sauti ikatoka juu, "Mama, nao ni watu wangu. Sina wengine."

"Watu wako watakunyonga. Usidondoshe kitu tena. Na hawa nitawamaliza leo."

Kwetu mwanamke hachinji akiwapo mwanamume, na asipokuwapo huitwa wa jirani. Shangazi alijua kuita mwanamume aje kuchinja kuku saba siku moja, bila karamu wala maombolezo, ni kujiitia maswali. Basi alitaka kumpandishia Hemedi kisu na kuku mmoja mmoja. Alikuwa ameshalishika tenga. Hapo mimi nilimshika miguu. Nilimwambia wamepona mizinga, nilimwambia ni wangu, nilimwambia kuku hujifunza, basi hujifunza kusahau pia, nitawafundisha kwa kifuu wasiingie jikoni kabisa. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Shangazi alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa amelala kwa juma zima, na nafikiri hakuwa na nguvu ya kushindana na mtoto. "Mpaka Ijumaa," akasema. "Wakitazama juu Ijumaa, Hemedi atachinja wote." Nimefika nchi nyingi, nimeomba mambo mengi kwa watu, lakini sijawahi kuomba jambo baya kuliko lile.

Jumanne niliwafungia tengani wakalia kutwa. Jumatano niliwatoa nikawalisha mbali, kwenye pembe ya ua karibu na choo, nikigonga kifuu. Sita walishika. Mnara alikula, kisha polepole, kama mzee aliyekumbuka jambo, akatembea mpaka jikoni, akasimama pale pale, akainua shingo. Nilimtoa mara tano. Juu, Hemedi hakudondosha kitu. Nilisikia tu pumzi zake, na mara moja aliniambia kwa kunong'ona, "Hawa, huyu ananikazia macho kama anayenidai." Nilimwambia anyamaze.

Walikuja Alhamisi, jua likiwa limeshapanda. Sikusikia hodi. Nilisikia mlango wa mbele ukisukumwa na shangazi akisema, "Karibuni, karibuni," kwa sauti ya juu isiyokuwa yake. Walikuwa wawili. Askari Mnubi, kijana, mwenye kofia nyekundu na bunduki, aliyechoka na jua, na nyuma yake Maftaha. Nilipomwona, mazoea yalitangulia akili. "Shikamoo," nikamwambia. Akanitazama kama aliyesahau kwamba neno hilo lipo. "Marahaba," akasema taratibu, na jibu lile lilinitia hofu kuliko bunduki, maana nilijua sasa kwamba ni yeye kweli, na kwamba anaijua nyumba yetu yote, magogo, ua, jiko, na anajua tulivyo watu wangapi na nani hayupo.

Walipekua ndani ya nyumba. Nilisikia kitanda kikiburutwa na chungu kikivunjika. Kisha wakaja uani, na askari akaelekea jikoni, na kuku wangu, ambao niliwalea wasimwogope mtu yeyote, wakamfuata. Wakaingia miguuni mwake. Nikiwa kwenye pembe ya ua niliona kupitia mlangoni: askari ameinama anachungulia nyuma ya mtungi, na katikati ya sakafu kuku saba wanajipanga mahali pao. Shingo ya kwanza ikainuka. Ya pili ikainuka. Shangazi alikuwa amesimama kando ya mlango, mkono umeshika kizingiti, na nikaona kucha zake zinaingia katika udongo.

Nilikiokota kifuu nikagonga. Mara ya kwanza mkono ulitetemeka kikatoa mlio mbaya. Mara ya pili nikagonga kama nilivyofundishwa, tatu, kisha kimya. Wakashusha shingo. Wakatoka jikoni mbio, mabawa wazi, wakapita katikati ya miguu ya askari, wakanijia. Askari akageuka akawafuata kwa macho, akatoka nje akacheka kicheko cha mtoto, akasema neno kwa Kiarabu. "Anasema wewe mchawi wa kuku," Maftaha akaniambia. Sauti yake haikuwa na kitu. "Anasema wagongee tena." Niligonga tena ingawa walikuwa miguuni pangu. Nilitaka atazame kifuu. Nilitaka dunia yote itazame kifuu. Na kwa kuwa hofu humfundisha mtu upesi, nilisema kabla hajasema yeye, "Mwambie awachukue. Ni watamu. Mwambie nampa."

Nikamkabidhi mmoja mmoja. Sikuwakamata, niliwagongea wakapanda mkononi wenyewe, nikawatia mikononi mwake, akawafunga miguu kwa ukindu aliopewa na shangazi. Hawakupiga bawa. Kuku wa mtu mwingine angepiga kelele mtaa mzima ukajua. Wangu walinitazama tu wakiwa wananing'inia kichwa chini, wakingoja chicha. Watano, sita. Askari akainua vidole, akasema neno. Maftaha akasema, "Walikuwa saba."

Sote tuligeuka. Mnara alikuwa jikoni. Alikuwa hakutoka. Alisimama peke yake kwenye mwanga uliopita mlangoni, shingo ile ya kuchi imenyooka, kichwa kimelala upande, jicho moja juu.

"Nitamleta," akasema Maftaha, akaingia.

Niliona mgongo wake. Niliona amesimama juu ya kuku akimtazama jinsi alivyokuwa akiwatazama kuku wa watu, kwa utulivu, kama anayesoma. Kisha kichwa chake kikaanza kuinuka, taratibu, kikifuata shingo ya kuku, mpaka na yeye akawa ametazama juu. Masizi kidogo yakaanguka begani kwake. Hakuyapangusa. Mimi nilikuwa nahesabu, sijui nahesabu nini, nilifika kumi na tisa. Kisha Maftaha akainama, akainama sana, akamwokota Mnara kwa mikono miwili akatoka naye.

Alimgeuza shingo mbele ya askari huku na huku, akamfunua kope, akasema naye kwa Kiarabu, akakunja uso kwa kinyaa. Askari akarudi hatua moja. "Namwambia huyu ana ugonjwa wa shingo," Maftaha alisema kwa Kiswahili, bila kumtazama yeyote. "Kuku akitazama juu hivi hana siku mbili. Mlaji naye huumwa." Akanitia Mnara mikononi. Kisha akamgeukia shangazi. "Bi Mize, mchinje leo. Leo, si kesho. Kesho tunarudi mtaa huu na mtu mwingine, naye si mjuzi wa kuku."

Wakaondoka. Nilisikia kuku wangu njiani, sasa wakiwa mbali nami, wakianza kulia.

Shangazi aliingia ndani. Alileta kisu. Alimchukua Mnara kwangu, akapanda juu ya kinu, akampitisha juu kati ya boriti, kisha kisu, kisha kata ya maji. Tulimsikia Hemedi akijivuta kwa maumivu ili aelekee kibla, akisema Bismillahi kwa sauti isiyosikika vizuri, na damu ikadondoka tone tone kwenye majivu, pale pale kuku waliposimama wakingoja wali. Nilikula supu yake. Shangazi alinishikia bakuli mdomoni. "Usipokula atakuwa amekufa bure," alisema. "Kula, ujue ladha yake." Kesho yake wengine walikuja, wakapekua jiko, wakachukua nazi tatu kutoka ukingoni mwa dari, wakaondoka. Hapakuwa na kitu cha kuwafanya watazame zaidi. Baada ya siku chache Hemedi alitolewa mjini ndani ya mzigo wa makuti.

Hatukumwambia mtu. Mwanzo tulinyamaza kwa sababu kama tungesema Maftaha ametuficha, wale aliowatumikia wangemnyonga na sisi pamoja naye. Kisha kulikuwa na nyumba nyingine alizozionyesha, zenye kuku ambao hawakuwa wa kuchi na akina mama ambao hakuwahi kula vitumbua vyao, na wajane wa nyumba zile walikuwa wanapita njiani kwetu. Tungewaambia nini? Mji ulimpa jina, tukaliacha likae. Wadachi walikuja wakaenda, na kimya chetu kilikuwa kimeshakuwa ukuta wa nyumba. Shangazi alikufa nacho. Mimi nilijifunza kusoma kwa masista, kisha nikaanza kuondoka.

Hemedi alirudi kutoka makaburini saa sita, miguu ina udongo mwekundu. Nilimpa maji. Nilikuwa sijamuuliza kwa miaka zaidi ya thelathini, nikamuuliza. "Kaka, siku ile uliona nini, ukiwa juu?"

Alikunywa mpaka mwisho. "Nilimwona yeye, naye aliniona. Nilikuwa na kisu, Hawa, cha kubandulia nazi, nilichokikuta juu, mama hakujua. Nilikuwa nimekipitisha kati ya boriti. Nilijiapia, akifungua mdomo namwangukia nacho. Alikiona. Ncha ilikuwa hapa," akaonyesha kiganja kimoja kutoka usoni. "Nikangoja afungue mdomo. Badala yake akainama amchukue kuku. Akainama taratibu, akaniachia kisogo chake wazi, akakaa hivyo. Angeweza kumwokota haraka. Alikaa." Akaweka kata chini. "Ndipo nikajua hatasema. Na bado mkono wangu ulitaka. Hilo ndilo nililombebea leo."

Alitoka uani akarudi na tenga, akalitua miguuni pangu. Ndani mlikuwa na kuku sita wa Maftaha, ambao hawakuwa wamelishwa tangu juzi alipozidiwa, maana hakuna jirani aliyetaka kuingia kwake. Walikuwa wamejikunyata, manyoya yamesimama. Hemedi akafungua tenga, wakatawanyika mpaka mwisho wa ua, nyuma ya kuni. "Sijui alivyokuwa akiwaita," alisema. "Wananikimbia." Kifuu kilikuwa pale kwenye mtungi, kama vinavyokaa vifuu katika kila nyumba. Nilikitazama kwa muda. Nilikuwa nimekata shauri kuondoka Jumamosi kurudi Pangani, na mzigo wangu ulikuwa haujafunguliwa.

Niligonga mara tatu, kisha nikatulia.

Wakaja wote. Walikuja mbio, mabawa wazi, wakanisongamana miguuni wakiinua shingo zao kuitazama mikono yangu. Sikuwa na chicha, na Hemedi alikwenda jikoni kuitafuta, akichechemea, nami nikabaki nimesimama katikati yao, naogopa hata kusogeza mguu.